Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Shukrani ya Vitendo



Katika darsa yetu ya hapa Taru aliinuka kijana mmoja mfugaji akauliza suali ambalo sikulijibu siku ile. Alisema kwamba katika ule ukame uliotukamata tangu mwaka wa 2020 hata 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, na ngurunga zetu, yale mashimo ya mwambani ambamo misafara ya zamani ikinywa maji, zikabaki vumbi tupu, yeye alipotelewa na ng'ombe wote alioachiwa na babake. Kila aliyekwenda kumpa pole alimwambia amshukuru Mungu. Akataka kujua mtu aliyekosa kila kitu ashukuru nini, na mbona wale waliomuusia shukrani walirejea makwao wote, asiwepo hata mmoja aliyemuachia kibaba cha unga.

Suali hili lina haki yake, wala hapana budi kukiri kwamba miongoni mwa waliokwenda kumpa pole nilikuwamo na mimi. Nimeona bora nilijibu kwa khabari za mtu badala ya maneno yangu. Mtu huyo ni marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah bin Nafi Mazrui wa Mombasa. Simuandiki ili tumtukuze kupita mpaka, wala ili mtu afunge safari aende kaburini kwake kumuomba haja. Hayo ni katika mambo aliyoyakataza yeye mwenyewe, na asiyemtii katika hilo hajampenda.

Kwanza tutazame ukoo aliozaliwa nao. Mazrui walitawala Mombasa kwa muda wa miaka mia hivi, mpaka mwaka wa 1837 Sayyid Said bin Sultan alipoutwaa mji. Wakubwa wao wakakamatwa, wakapakiwa jahazini wakapelekwa Bandar Abbas, na huko ndiko walikoishia. Waliosalia wakatawanyika, wengine wakenda Takaungu upande wa kaskazini, na wengine wakaja Gazi, huku kwetu kusini. Wazee wa Msambweni hawahitaji kuelezwa nani alikuwa Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyepigana na Masultani wa Unguja mara kwa mara, na mwisho akapigana na Waingereza. Mwezi wa Agosti 1895 Waingereza waliivunja ngome yake ya Mwele, katika hii hii nchi ya Kwale. Mwaka uliofuata akavuka na watu wake kuingia katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani, na akafa Dar es Salaam mwaka wa 1910 asirudi tena kwao.

Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891, miaka michache tu kabla ya vita hivyo. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa katika zama zake. Lakini alifariki mwaka wa 1894, na mtoto wake hata hajapata kuketi mbele yake kusoma herufi moja. Basi tazama hali ya mtoto huyu. Ni yatima wa miaka mitatu hivi, wa kabila lililonyang'anywa ufalme, na kabla hajatimiza miaka sita jamaa zake wa Gazi wameshashindwa vitani na kukimbizwa. Mtoto kama huyu kwa kawaida hulishwa kinyongo pamoja na uji. Huambiwa kila siku sisi tulikuwa nani na nani aliyetudhulumu, akakua akingojea siku ya kulipiza kisasi. Wako watu pwani hii, wala si Mazrui peke yao, ambao tangu ujana wao mpaka uzeeni hawana kazi nyengine ila kuhisabu walichonyang'anywa babu zao.

Aliyemchukua akamlea ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali bin Khamis Mazrui, naye ni mwanachuoni na kadhi. Alimlisha, akamvisha, akamsomesha, na alipokuwa mtu mzima akamuoza bintiye. Hapa ndipo ninapotaka kijana wetu asimame kidogo. Kilichomfikia Al-Amin katika msiba wake hakikuwa nasaha. Kilikuwa sahani ya chakula, mahali pa kulala na chuo cha kusoma, vyote vikitoka katika mkono wa mtu aliyekuwa na watoto wake mwenyewe wa kuwatazama.

Kisha akasafiri kwenda Unguja kusoma, na huko akawakuta masheikh wawili waliokuwa nuru ya pwani yote, Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait na Sheikh Abdalla bin Muhammad Bakathir. Sheikh Bakathir alikuwa mtu wa Lamu aliyehamia Unguja, mpole kupita kiasi na hana mali, na nyumba yake ilikuwa chuo. Wawili hawa walipendana mapenzi ambayo hadithi zake zasimuliwa mpaka leo, na wakafariki mwaka mmoja, 1925, wakipishana kwa majuma machache tu. Baadaye Sheikh Al-Amin alisoma sana maandishi ya wanavyuoni wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh na mwanafunzi wake Rashid Rida mwenye gazeti la Al-Manar, akaingia katika njia ya kutengeneza mambo ya dini ambayo katika baadhi ya masuala ilimpeleka mbali na ada walizozizoea masheikh zake. Pamoja na hivyo hakuwakana. Wametajwa siku zote kuwa ni masheikh zake, na yeye kuwa ni mwanafunzi wao. Nawaomba vijana wa darsa walitie hili moyoni, khasa wale ambao wakishasoma vitabu viwili vya kupinga bidaa huanza kumtaja mwalimu wao wa juzuu kwa kejeli. Aliyekufundisha alifu una deni lake, hata ukija kujua kwamba katika jambo fulani alikosea.

Mwaka wa 1930 Sheikh alianza kutoa waraka mdogo alioupa jina la Sahifa, na mwaka wa 1932 akatoa gazeti, Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Watu wa leo hawawezi kuona uzito wa jambo hili. Zama zile ilimu ya dini ilikuwa ndani ya vitabu vya Kiarabu, na asiyejua Kiarabu alingoja aambiwe. Mwanachuoni aliyeheshimika aliandika kwa Kiarabu, wala hapakuwa na aliyemlaumu. Sheikh Al-Amin, aliyeweza Kiarabu kama maji, alikubali kuteremka akaandika kwa lugha ya mvuvi na mkwezi, na ya mama aliyeko jikoni. Kwangu mimi hii ni huruma. Mwenye kujua amemuonea huruma asiyejua, akamfuata alipo asingoje kufuatwa. Na vitabu vyake vidogo vya kuwafundisha watoto, kama Dini ya Islamu na Hidayatul Atfal, ni katika mlango huo huo.

Ndani ya magazeti hayo hakuwapaka watu mafuta. Aliwaambia Waislamu wa pwani kwamba wameachwa nyuma na wenzao katika ilimu, na kwamba kuwaachia wasichana bila ya kusoma ni khasara ya umma mzima. Akawaonya juu ya kuuza mashamba ya wazee wao na kula thamani yake. Sisi watu wa Kwale tulioona ufuo wa Diani ulivyokwenda, hatuna haja ya kufasiriwa maneno hayo. Akapinga pia israfu ya harusi na ya matanga, na hapa ndipo wengi walipomchukia, kwani mtu humvumilia sheikh akimwambia asiseme uwongo, lakini hamvumilii akimgusa sahani ya wali.

Nimelifikiri sana hili la matanga. Mtu hufa, ameacha mjane na watoto wadogo; siku ile ile mbuzi wachinjwa, mchele wakopwa dukani, watu waketi siku tatu au saba wakila na kumuombea maiti, kisha waondoka wote na deni labaki kwa mjane. Mali iliyoliwa ni ya yatima. Sina ushahidi wa kilichokuwa moyoni mwa Sheikh, lakini mimi naona hawezi mtu aliyefiwa na babake akiwa na miaka mitatu kulitazama jambo hili kama alitazamavyo aliyekuja kula tu. Wako waliomwita mkali. Ukali uliokuwa ukimlinda mtoto asiyeweza kusema, sijui tuuite jina gani.

Mwaka huo wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka wa 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akaushika mpaka kufa kwake. Mahakama ya kadhi ni mahali wanapokwenda watu wenye shida. Huenda mke aliyetelekezwa bila ya masurufu, huenda ndugu waliogombania mirathi, huenda yatima ambaye ami yake amekalia shamba lake. Yatima wa mwaka 1894 alikaa katika kiti hicho miaka kumi na mitano akiamua haki za watu kama hao. Wala hakuacha kusomesha. Katika wanafunzi wake alitoka Sheikh Muhammad Qasim Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu baada ya uhuru, na katika miaka ya 1970 akatoa gazeti la Sauti ya Haki kwa mwendo ule ule wa mwalimu wake.

Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa tarehe 1 Aprili 1947, umri wake miaka 56. Aliacha kitabu cha tarehe ya Mazrui alichokiandika kwa Kiarabu. Ule ufalme uliopotea aliurejesha katika karatasi, akaridhika hapo. Aliacha na watoto ambao hawajakuwa watu wazima. Mmoja wao, Ali, alikuwa na miaka 14. Kijana huyo hakufaulu sana katika mtihani wake wa skuli, akapata kazi ya chini katika chuo cha Waislamu cha Mombasa, kisha akafunguliwa njia ya kwenda Uingereza kusoma. Ndiye Profesa Ali Mazrui aliyejulikana dunia nzima, aliyefariki Marekani mwaka wa 2014 akaletwa kuzikwa Mombasa, katika makaburi ya wazee wake.

Kijana aliyeuliza suali nilikwenda kumtazama kwake juma lililopita. Nilichukua nilichoweza kuchukua, nacho kilikuwa kidogo, na kimechelewa miaka. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahiki. Darsa ya Jumapili itaendelea baada ya alasiri kama kawaida, na wenye uwezo wa kuja na kibaba cha mahindi au cha kunde kwa ajili ya nyumba ambazo mifugo yao haijarudi, wamkabidhi mweka hazina kabla ya sala.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin, na amrehemu Sheikh Suleiman aliyemlea. Amin.