Bibi Routledge na Maandishi Yasiyokuwa na Msomaji

Ndugu msomaji, ukipanda mashua pale Mbita ukavuka hadi Kisiwa cha Mfangano, huku Homa Bay nilikoletwa na kazi, kisha ukakwea mlima, utafika penye mwamba uliochorwa uitwao Kwitone. Michoro mingine iko Mawanga, papo hapo kisiwani. Ni maduara, moja ndani ya jingine, ya rangi nyekundu na nyeupe, na baadhi yana miali. Yasemekana waliochora ni Watwa, watu wa kuwinda waliokaa hapa kabla ya Abasuba kuja na ng'ombe na mashamba yao. Abasuba wakapaheshimu mahali hapo wakapahusisha na mvua. Watwa hawapo tena, na kwa hiyo kila mgeni huja na tafsiri yake: huyu asema ni jua, huyu asema ni mwezi, yule ashikilia kwamba ni kalenda ya nyota. Mwamba haumkatalii mtu.

Nasi watu wa pwani tuna yetu katika jambo hili. Tunajua kuutazama mwezi, na tunajua ugomvi unaozuka kila mwaka mwezi wa Shaabani ukielekea ukingoni: umeandama au haukuandama, siku ni 29 au 30? Manahodha wetu walisafiri kwa nyota, na wakulima wakakitazama Kilimia kabla ya kushika jembe. Hivyo mtu akituambia kuwa alama fulani za kale ni hesabu za nyota, hatucheki, bali tunamwuliza amejuaje.

Kwa ajili ya swali hilo nataka kusimulia maisha ya Katherine Routledge, Mwingereza ambaye watu wengi huku kwetu hawalijui jina lake, ingawa kazi yake ya utafiti wa mila aliianzia Kenya.

Alizaliwa mwaka 1866 mjini Darlington, kaskazini ya Uingereza, katika ukoo tajiri wa Pease, watu wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker. Alisoma historia katika Somerville, Oxford, akafaulu mtihani wake mwaka 1895. Lakini Oxford ya siku zile haikumpa mwanamke shahada hata akifaulu namna gani. Baada ya Vita vya Makaburu alikwenda Afrika Kusini kuchunguza habari za kuwapeleka huko wanawake wa Kiingereza wafanye kazi. Mwaka 1906, naye amekaribia miaka arobaini, akaolewa na William Scoresby Routledge, bwana mmoja mzaliwa wa Australia aliyekuwa ameshaijua Afrika Mashariki. Mwaka uleule wakaja huku pamoja.

Walikaa bara, katika nchi ya Wagikuyu, upande wa Fort Hall na Nyeri. Mwaka 1910 walitoa kitabu juu ya Wagikuyu. Jina la kitabu hicho linaudhi, kwani linawaita wenyeji watu wa kabla ya historia, na hali walikuwa wahunzi na wakulima waliojua mambo yao vizuri. Lakini ndani yake mna kazi ya haki. Bibi aliketi na wanawake, akauliza habari za nyumba, ndoa na malezi, mambo ambayo mabwana watafiti wa zama zile hawakuyajali. Sehemu alizoziandika yeye zikatiwa herufi za jina lake, zisipotee ndani ya jina la mumewe.

Katika nchi hiyohiyo waimbaji walikuwa na kibuyu kiitwacho gicandi, kilichochorwa alama na kupambwa kauri. Wawili walishindana kwa nyimbo za mafumbo, na alama zile zikamkumbusha mwimbaji ubeti unaofuata. Alama haikuandika neno lenyewe. Asiyeujua wimbo angekitazama kibuyu hicho mwaka mzima asipate kitu. Padre mmoja Mwitalia, Vittorio Merlo Pick, aliwahi kukusanya nyimbo hizo na kuzichapisha kitabuni mwaka 1973, na ndiyo maana leo tunajua kidogo. Naomba msomaji asikisahau kibuyu hiki.

Bwana na Bibi Routledge waliunda jahazi lao wenyewe, wakaliita Mana. Mwaka 1913 wakaondoka Uingereza, na mwezi wa Machi 1914 wakatia nanga Rapa Nui, kisiwa ambacho Wazungu hukiita cha Pasaka, peke yake katikati ya bahari kuu, kilometa zipatazo 3,500 kutoka pwani ya Chile. Ndiko kwenye yale masanamu makubwa ya mawe. Wakazi waliobaki walikuwa kama 250 tu, na sehemu kubwa ya nchi yao imefanywa malisho ya kondoo wa kampuni.

Pamoja na masanamu, kisiwa kile kilikuwa na maandishi: mbao zilizochongwa alama ndogo ndogo za watu, ndege, samaki na mimea, safu kwa safu, na kila ukimaliza safu huna budi kuugeuza ubao juu chini ili uanze nyingine. Huitwa rongorongo. Mtu wa nje wa kwanza kuandika habari zake ni mmisionari Mfaransa, Eugène Eyraud, mwaka 1864. Lakini alikuwa amechelewa. Mwaka 1862 na 1863 meli kutoka Peru zilivamia kisiwa zikachukua utumwani watu wapatao 1,500, na miongoni mwao wakuu na wasomaji wa mbao. Wachache waliorudishwa walikuja na ndui. Sisi tuliokulia karibu na magofu ya bandari za biashara hiyo hatuhitaji kuelezwa sana.

Basi Katherine alipofika, nusu karne baadaye, hapakuwa na msomaji. Aliuliza mzee mmoja baada ya mwingine, akisaidiwa na mwenyeji aitwaye Juan Tepano. Mwisho akaambiwa habari za Tomenika, mzee aliyetengwa katika makao ya wenye ukoma. Katherine alimwendea. Mzee akamchorea alama kwenye karatasi na kutamka maneno, lakini maneno hayakutulia juu ya alama: alama ileile leo ina neno hili, kesho lile. Tena aliyoyajua yalikuwa ya aina ya baadaye, iitwayo tau, si yale ya mbao za kale. Alirudi tena na tena, mpaka siku mzee hana nguvu ya kusema. Muda si mrefu Tomenika akafa.

Mimi naona hapa ndipo heshima yake ilipo. Angeweza kurudi London akatangaza kuwa amesoma, nani angempinga? Aliandika kilichosemwa na kilichokosekana. Alikisia kwamba alama zile zilikuwa za kumkumbusha mtu aliyekwisha kuhifadhi maneno moyoni, kama kile kibuyu cha Gikuyu.

Habari za nyota pia alizipata, ila si katika mbao. Upande wa Poike alionyeshwa mwamba ambao wenyeji waliuita mahali pa kutazamia nyota, na jirani yake jiwe lenye vishimo, wakamwambia ni ramani ya nyota. Akaandika kama alivyoambiwa. Kilimia chetu wao hukiita Matariki.

Kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1919. Mwaka 1932 Guillaume de Hevesy alizilinganisha alama za Rapa Nui na zile za Bonde la Indus, huko Pakistani na India, kwa kuwa baadhi zafanana sura. Kufanana sura si hoja. Hapa Migori tuna Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, lililoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2018. Na Rapa Nui wana majukwaa ya mawe yaliyopangwa vivyo hivyo. Hakuna mwenye akili atakayesema kuwa wajenzi ni ndugu.

Mwaka 1958 Mjerumani Thomas Barthel alionyesha jambo lenye uzito zaidi. Katika ubao uitwao Mamari, ulioko Roma, safu chache zina hilali zinazofuatana kwa utaratibu, na zalingana na majina ya siku za mwezi yaliyokusanywa kisiwani: ishirini na nane, na mbili za nyongeza, Hotu na Hiro, ili mwezi utimie. Hapo kuna majina upande mmoja na alama upande wa pili, na hesabu inakubali. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya rongorongo ambayo wataalamu kwa jumla wamekubaliana inahusu nini. Waliokwenda mbele wakadai kuwa mbao zote ni kalenda ya nyota hawajapata kitu cha kuwashuhudia namna hiyo.

Miaka ya mwisho ya Katherine ilikuwa migumu. Tangu zamani alikuwa akisikia sauti, na maradhi ya akili yalimzidi. Alijifungia ndani ya nyumba yake London, mumewe akiwa nje, na mwaka 1929 akatiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hakutoka tena. Alifariki mwezi wa Desemba 1935. Daftari zake za Rapa Nui, pamoja na karatasi alizochora Tomenika, zimo katika maktaba ya Chama cha Kifalme cha Jiografia, London. Mwaka 2003 Jo Anne Van Tilburg alitoa kitabu cha maisha yake. Na mwaka 2024 wataalamu walipima umri wa mbao nne za Roma: mti wa mmojawapo ulikatwa karne ya 15, kabla Mzungu yeyote hajakiona kisiwa.