Mtakatifu Agostino: Je, Mkristo Aweza Kuishi Bila Dhambi Yoyote?



Mara nyingi mnatuuliza sisi makatekista kama mtu aliyebatizwa aweza kufika mahali asipotenda tena dhambi hata moja. Wengine wanakawia kuomba Ubatizo, kwa kuogopa kuanguka baadaye. Wengine wamekwisha kubatizwa, na wakianguka wanakata tamaa, wakidhani kwamba maji yale hayakuwafaa kitu. Basi leo nawasimulia maisha ya mtu wa Afrika, aliyekaa zaidi ya miaka 30 bila kubatizwa, kisha akawa askofu na mwalimu mkuu wa Eklezia katika jambo hili.

Ujana wake

Agostino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji wa Tagaste, kaskazini ya Afrika, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Baba yake, Patrisio, alikuwa bado mpagani. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye sala nyingi. Tangu utoto Agostino alitiwa alama ya msalaba na kuonjeshwa chumvi, kama ilivyokuwa desturi ya wakatekumeni wa siku zile. Siku moja aliugua karibu kufa, akaomba abatizwe. Lakini alipopata nafuu, Ubatizo ukaahirishwa, kwani watu walisema kwamba kijana ataanguka tena, na dhambi za baadaye zitakuwa nzito zaidi. Alipokuwa mtu mzima aliisikitikia desturi hiyo. Alisema kwamba hakuna anayemwacha mgonjwa ajijeruhi zaidi kwa sababu tu hajapona bado.

Na kweli alianguka. Alipokuwa na miaka 16 aliiba matunda ya jirani usiku pamoja na wenzake. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Huko Kartago, alikokwenda kusoma, aliishi na mwanamke bila ndoa, akazaa naye mtoto, Adeodato. Tena aliwafuata Wamanikeo kwa miaka tisa. Hao walifundisha kwamba atendaye dhambi si mtu mwenyewe, bali ni asili nyingine mbaya iliyo ndani yake. Mafundisho hayo yalimpendeza Agostino, kwa sababu yalimwondolea lawama.

Neema yamshinda

Mwaka 384 alikwenda kuwa mwalimu Milano, katika Italia. Huko alimsikiliza Askofu Ambrosio, akaanza kuijua kweli. Akili yake ilikubali, lakini moyo wake ulikawia: alitaka kuacha uzinzi, ila kesho, si leo. Mwaka 386, alipokuwa akilia bustanini, alisikia sauti kama ya mtoto ikimwambia achukue kitabu na kusoma. Akafungua Barua ya Mtume Paulo kwa Waroma, akakuta mahali Mtume anapotuagiza kuacha ufisadi na kumvaa Kristo. Hapo kifungo chake kikakatika. Usiku wa Pasaka, mwaka 387, Ambrosio akambatiza pamoja na mwanawe Adeodato na rafiki yake Alipio. Mwaka uleule Monika akafa karibu na Roma, amekwisha kuona alichokililia miaka mingi.

Vita iliyobaki

Ubatizo ulifuta dhambi zake zote, ile ya asili na zile alizozitenda mwenyewe. Hilo tunalisadiki bila shaka. Akarudi Afrika mwaka 388, akapewa upadri katika mji wa Hippo mwaka 391, na baada ya miaka michache akawa askofu wake. Waamini walimheshimu sana. Lakini yapata mwaka 400 aliandika kitabu kiitwacho Maungamo, na humo hakuungama mambo ya ujana tu. Aliungama pia hali ya moyo wake wakati ule, naye ni askofu.

Alieleza kwamba alijifunza kula chakula kama dawa, lakini utamu ulimvuta apite kipimo. Katika nyimbo za kanisani, mara nyingine sauti ilimpendeza kuliko maneno. Akipita shambani na kumwona mbwa akimfukuza sungura, moyo wake uliacha kumwaza Mungu. Akikaa nyumbani, hata mjusi anayekamata nzi alimpotezea fikira. Zaidi ya hayo aliogopa sifa za watu, kwani hakuweza kujua kama ameacha kweli kuzipenda.

Fahamuni vema, ndugu: kuvutwa na tamaa si dhambi bado, dhambi ni kuikubali. Lakini vita hiyo haikumwacha Agostino, na katika vita hiyo alijua kwamba mara nyingine alijeruhiwa.

Kosa la Pelagio

Mwaka 410 mji wa Roma ulitekwa na Wagothi, na watu wengi wakakimbilia Afrika. Miongoni mwao alipita mtawa mmoja, Pelagio, aliyezaliwa Uingereza. Alikuwa mtu wa maisha magumu. Aliwaona Wakristo walegevu, akataka kuwaamsha. Lakini alipotea njia. Alifundisha kwamba dhambi ya Adamu haikuwadhuru watoto wake, na kwamba mtu akitaka kweli aweza kwa nguvu zake mwenyewe kuishi bila dhambi.

Agostino aliona hatari yake. Kama mtu aweza kujiponya, ya nini basi Msalaba wa Kristo? Alifundisha kwamba jicho, hata likiwa zima, haliwezi kuona pasipo nuru. Vivyo hivyo mtu, hata aliyetakaswa, hawezi kuishi vema pasipo neema. Mwaka 418 maaskofu zaidi ya 200 walikutana Kartago. Walifundisha kwamba neema haisamehi dhambi zilizopita tu, bali hutusaidia tusitende nyingine; na kwamba watakatifu wanapoomba msamaha katika Baba Yetu, hawasemi hivyo kwa unyenyekevu tu, bali kwa sababu ni kweli. Mwaka 1547 Mtaguso Mkuu wa Trento ulilithibitisha jambo hilo: hakuna aliyetakaswa awezaye kuepuka dhambi zote, hata zilizo ndogo, maisha yake yote, isipokuwa kwa upendeleo wa pekee wa Mungu, kama Eklezia inavyosadiki juu ya Bikira Maria.

Mtumbwi uvujao

Je, basi tulegee? Sivyo! Dhambi ya mauti twaweza kuiepuka kwa neema ya Mungu, na aliyeanguka ndani yake ana Sakramenti ya Kitubio. Lakini dhambi ndogo nazo si za kudharauliwa. Hippo ulikuwa mji wa bandari, na Agostino aliwafundisha watu wake kwa mfano wa chombo. Wimbi kubwa huzamisha chombo mara moja. Lakini maji yaingiayo tone kwa tone hukizamisha vilevile, yasipotolewa. Sisi tunaovuka mto kwa mtumbwi twajua hayo. Hakuna anayeuacha mtumbwi katikati ya mto kwa sababu unavuja kidogo, wala hakuna anayekaa tu akiyatazama maji yakipanda miguuni. Huyachota na kuyamwaga nje mpaka ng’ambo. Nasi twayachota kila siku kwa sala, kwa sadaka, na kwa kuwasamehe waliotukosea.

Kifo chake

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo, na Agostino akashikwa na homa. Alikuwa amezoea kufundisha kwamba hata Wakristo wema na mapadri wasitoke duniani bila kutubu. Akatenda alivyofundisha. Aliagiza zaburi za Daudi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani, naye kitandani alizisoma akilia. Kwa siku 10 hivi aliomba asiingie mtu kwake, ila waganga na wenye kumletea chakula, apate kusali. Alikufa tarehe 28 Agosti 430, mwenye miaka 75.

Hivyo askofu yule, aliyebatizwa miaka 43 kabla, alikufa akiomba msamaha. Na Eklezia humwita mtakatifu. Basi, ewe mkatekumeni, usiukawize Ubatizo mpaka ujione huna kosa, maana siku hiyo haitafika. Na wewe uliyebatizwa ukaanguka, inuka, ukaungame. Uzima kamili, usio na dhambi wala hatari ya kutenda dhambi, tutaupata mbinguni. Hapa chini tuna neema, na neema yatosha kutufikisha.

Mtakatifu Agostino, utuombee.