Denis Burkitt, munganga aliyefuata kansere ya watoto kwa barabara

Kila munganga wa watoto katika Afrika ya kati na ya mashariki anajua jina Burkitt, sababu ndilo jina la kansere inayovimbisha taya la mtoto kwa siku chache tu. Mwenye jina hilo alikufa mwaka wa 1993, lakini kazi aliyofanya ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, kule Uganda, ingali inaokoa watoto.

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Alianza kusomea uinjinia mjini Dublin, kisha akageukia uganga, akamaliza mwaka wa 1935. Wakati wa vita vya pili alitumwa Kenya na Somalia kama munganga wa jeshi. Mwaka wa 1946 alirudi Afrika, akaanza kazi Lira, kaskazini ya Uganda, na mwaka wa 1948 akahamia hospitali ya Mulago, Kampala, kama mpasuaji.

Mwaka wa 1957, mwenzake Hugh Trowell alimwita aangalie mtoto mwanamume aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Haikuwa jipu la meno. Majuma machache kisha, Burkitt akakuta mtoto mwingine wa namna ile ile Jinja. Akafungua vitabu vya wagonjwa vya Mulago, akaona wengi wenye taya hizo walikuwa pia na uvimbe tumboni. Waganga walikuwa wakihesabu uvimbe huo kama magonjwa mbalimbali. Yeye akaonyesha kwamba ni ugonjwa mmoja, akauandika mwaka wa 1958.

Seli inagawanyika namna gani?

Mwili umejengwa na seli, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Mtoto anakua na kidonda kinapona kwa sababu seli moja inagawanyika kuwa mbili. Mjerumani Walther Flemming ndiye aliyeipa kazi hiyo jina la mitosi, kwenye kitabu chake cha mwaka wa 1882. Kwanza seli inanakili kromozomu zake 46, zinazobeba maagizo yote ya mwili. Kisha zinajipanga katikati, nyuzi nyembamba zinavuta nakala moja huku na nyingine kule, na seli inakatika. Kila mtoto wa seli anapata 46 kamili.

Seli nzima inajua kusimama. Seli ya kansere haisimami. Katika ugonjwa wa Burkitt, uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja ao mbili. Miaka ya 1970 na 1980 wataalamu waligundua sababu: kipande cha kromozomu ya 8 kinakatika na kubadilishana nafasi, mara nyingi na kipande cha kromozomu ya 14. Agizo la kugawanyika linabaki wazi, sawa gari ambalo mguu haujatoka kwenye gazi.

Safari ya 1961

Burkitt alitaka kujua ugonjwa unakaa wapi. Oktoba 1961, pamoja na waganga wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, alipanda gari la zamani, wakatembea majuma 10 na karibu kilomita 16.000 mpaka Afrika ya kusini, wakiuliza hospitali moja kwa moja. Ramani ilionyesha kwamba karibu na ikweta, ugonjwa unapungua sana kwenye milima inayopita mita 1.500. Ni sehemu za baridi, ambako mbu wa malaria ni wachache. Mtu wa Beni, mji wa joto ulio chini, na mtu wa Butembo, mji wa baridi kwenye milima, wanaelewa tofauti hiyo bila kuelezwa. Hata hivyo watoto wanatembea na wazazi wao, na malaria pia inapanda milima.

Mjini London, Anthony Epstein alikuwa amesikiliza mafundisho ya Burkitt, akaomba vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka wa 1964 yeye na wenzake wakatangaza virusi walivyoona ndani ya seli hizo. Leo inajulikana kwamba virusi hivyo pamoja na malaria ya mara kwa mara vinafungulia kansere hii njia.

Kampala haikuwa na mashine ya kuchoma kansere kwa mionzi, kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa. Moja, vinikristini, inatoka kwenye ua la Madagaska; inavunja zile nyuzi zinazovuta kromozomu, seli ikishindwa kugawanyika inakufa. Watoto kadhaa walipona kabisa. Ule mbio wa kugawanyika unaoua haraka ndio unaofanya dawa ikamate vizuri.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka wa 1966, akajulikana pia kwa kufundisha watu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alikufa tarehe 23 Machi 1993.

Kwa mzazi, neno kubwa ni moja: taya ao tumbo la mtoto likivimba haraka, meno yakilegea bila sababu, asingoje majuma akijaribu majani ao akitafuta mchawi. Ampeleke hospitali siku ile ile.