Mahavira: Mwana wa mtawala aliyefungulia wote baraza la elimu

MIONGONI mwa walimu wakuu wa dini waliotokea Bara Hindi, Mahavira anakumbukwa kwa kuwafungulia elimu watu waliokuwa wamefungiwa mlango.

Kwa mujibu wa mapokeo ya Wajaini, alizaliwa mwaka wa 599 Kabla ya Kristo (KK) karibu na Vaishali, katika jimbo la sasa la Bihar, India. Wazazi wake, Siddhartha na Trishala, walimwita Vardhamana. Alilelewa kwa starehe, lakini alipotimiza umri wa miaka 30 aliacha mali na jamaa, akawa mtawa.

Kwa zaidi ya miaka 12 alitangatanga akifunga na kuvumilia matusi na mapigo. Hatimaye, kando ya mto Rijupalika, alipata ujuzi kamili.

Hapo ndipo yalipoanza mabaraza yake, yaitwayo samavasarana. Wajaini husimulia kuwa yalijengwa na miungu, kwa kuta tatu za mviringo za fedha, dhahabu na vito, na milango katika pande zote nne. Mwalimu aliketi katikati chini ya mti, uso wake ukaonekana kutoka kila upande. Watawa, raia na hata wanyama waliketi pamoja, simba kando ya ng'ombe, na kila kiumbe kikamwelewa kwa lugha yake.

Madhehebu ya Shvetambara husema kwamba katika baraza la kwanza hakuna hata mtu mmoja aliyekula kiapo cha utawa. Lililofuata ndilo lililozaa matunda. Indrabhuti Gautama, msomi wa tabaka la Brahmin, alifika akinuia kumshinda kwa hoja, akaishia kuwa mwanafunzi wake mkuu. Wasomi wenzake 10 walimfuata.

Masimulizi hayo yamebeba jambo zito. Enzi hizo elimu ya dini ilishikwa na makuhani, kwa lugha ya Kisanskriti. Mahavira anasemekana kufundisha kwa Kiardhamagadhi, lugha ya watu wa kawaida. Aliwapokea wanawake pia; mapokeo huhesabu watawa wa kike 36,000, wakiongozwa na Chandana, na wa kiume 14,000.

Alihubiri kwa miaka 30, akikataza kudhuru kiumbe chochote, uongo, wizi, uasherati na tamaa ya mali. Alifariki Pavapuri mwaka wa 527 KK akiwa na umri wa miaka 72, ingawa wanahistoria wengi hukisia kuwa aliishi baadaye kidogo.

Hadi leo baraza lake huchorwa na kuchongwa katika mahekalu ya Wajaini, ambao baadhi yao walivuka bahari na kujenga hekalu Mombasa.