Walther Bothe: Mateka wa Siberia aliyefumbua siri ya viini vya atomi

WALTHER Bothe hakupanda jukwaani jijini Stockholm mnamo Desemba 1954 kupokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Maradhi yalikuwa yamemlemea kiasi cha kushindwa kusafiri. Nusu ya tuzo hiyo ilikuwa yake, na nusu nyingine ya Max Born, mzaliwa mwenzake wa Ujerumani aliyekuwa amechukua uraia wa Uingereza.

Bothe alizaliwa Januari 8, 1891 katika mji wa Oranienburg, karibu na Berlin. Alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Berlin na kupata uzamifu mnamo 1914 chini ya Max Planck. Mwaka huo huo vita vikuu vya kwanza vya dunia vikazuka, naye akaingia jeshini. Mnamo 1915 alitekwa na Warusi na kupelekwa Siberia, ambako alikaa takriban miaka mitano. Huko alijifunza Kirusi na kuendelea na hesabu zake. Aliporejea nyumbani mnamo 1920, alikuwa na mke, Barbara Below wa Moscow.

Jijini Berlin alifanya kazi na Hans Geiger, yule ambaye jina lake lingali linaitwa kila panapotajwa kifaa cha kuhesabu mnururisho. Wakati huo Niels Bohr na wenzake walikuwa wamependekeza kwamba sheria ya kuhifadhiwa kwa nishati haifuatwi katika kila tukio dogo la atomi, bali kwa wastani tu. Dai hilo lilitikisa msingi wa fizikia. Bothe na Geiger waliamua kulipima badala ya kubishana. Waliweka vihesabio viwili, kimoja cha elektroni iliyogongwa na mwale, kingine cha mwale uliotawanyika, kisha wakarekodi mipigo yake kwenye filamu. Filamu hizo zilikuwa nyingi mno hata zikaanikwa maabarani kama nguo za dobi. Mnamo 1925 jibu lilipatikana: mipigo ilitokea pamoja mara nyingi mno kuliko bahati pekee ingeruhusu. Sheria ilisimama, na Bohr akakubali.

Hiyo ndiyo mbinu ya sadfa. Mnamo 1929, akiwa na Werner Kolhörster, Bothe aliweka bamba nene la dhahabu kati ya vihesabio viwili na kuonyesha kwamba mnururisho kutoka angani unabeba chembe zenye uwezo wa kulipenya.

Lakini kazi yake ya mwaka 1937 pamoja na Wolfgang Gentner, mjini Heidelberg, haitajwi sana, ingawa inastahili. Bromini ya kawaida ina aina mbili, 79 na 81. Ikimeza nyutroni, huzaa bromini 80 na 82. Ajabu ni kwamba wanasayansi walipata nusu-uhai tatu badala ya mbili: dakika 18 hivi, saa nne na nusu hivi, na saa 36 hivi. Je, ya tatu ilitoka wapi? Bothe na Gentner waligeuza swali. Waliipiga bromini kwa miale mikali ya gama inayong'oa nyutroni, hivyo wakapata bromini 78 na 80. Nusu-uhai za dakika 18 na saa nne na nusu zikajitokeza tena. Kwa kuwa bromini 80 pekee hupatikana kwa njia zote mbili, ilikuwa lazima zote ziwe zake. Kiini kimoja, hali mbili: moja tulivu, nyingine iliyosisimka na kukawia kutua.

Hali nyingi za msisimko hazikawii hivyo. Katika chuma 57, kinachozaliwa na kobalti 57, kuna moja yenye nusu-uhai wa nanosekunde 98 hivi, chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Hakuna saa ya mkono ya kupima hilo. Waliomfuata Bothe waliigeuza sadfa yake kidogo: mwale wa gama wa kwanza hutangaza kuwa hali hiyo imezaliwa, wa pili hutangaza kuwa imekufa, na vyombo hupima pengo kati yake mara maelfu. Kasi ya idadi kupungua kadiri pengo linavyorefuka ndiyo hutoa nusu-uhai. Hata mashine za PET hospitalini, zikiwemo za Nairobi, hutegemea mipigo miwili ya pamoja.

Si kila kipimo chake kilifaulu. Mnamo 1941, wakati wa vita, alipima grafiti na kuona inameza nyutroni kupita kiasi kufaa katika tanuri la nyuklia. Grafiti hiyo haikuwa safi vya kutosha. Wajerumani wakaegemea maji mazito ya Norway, huku Enrico Fermi akiwasha tanuri lake la grafiti jijini Chicago mnamo Desemba 2, 1942. Wanahistoria wangali wanabishana kuhusu uzito wa kosa hilo. Kwa dunia, pengine lilikuwa heri.

Bothe alifariki Februari 8, 1957 mjini Heidelberg, akiwa na umri wa miaka 66. Geiger alikuwa ametangulia mnamo 1945, na kamati ya Nobel haiteui marehemu.