Louis Pasteur: Alipigwa na kiharusi, akarudi maabarani

Oktoba 19, 1868, jijini Paris, Louis Pasteur alihisi ganzi upande wa kushoto wa mwili. Hakujali. Alienda zake kwenye kikao cha wanasayansi, akasoma makala, akarudi nyumbani kwa miguu. Usiku alipolala, ulimi ukawa mzito, mkono na mguu wa kushoto vikakataa kusonga. Kiharusi kilikuwa kimempiga akiwa na miaka 45 tu.

Wengi walidhani kwisha habari yake. Hata ujenzi wa maabara mpya aliyokuwa akijengewa na serikali ulisimama, kana kwamba ashazikwa. Ilibidi Mfalme Napoleon III aagize mafundi warudi kazini.

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822, mjini Dole, Ufaransa. Babake alikuwa fundi wa kulainisha ngozi. Shuleni kijana huyu hakuwa moto wa kuotea mbali. Alipenda kuchora, na mtihani wake wa sayansi aliuanguka mara ya kwanza. Hakukata tamaa, akaurudia.

Akiwa na umri wa miaka minane, mbwa mwitu mwenye kichaa alivamia watu karibu na kwao Arbois. Walioumwa walichomwa vidonda kwa chuma cha moto kwa mhunzi. Wakati huo hapakuwa na dawa nyingine.

Basi, baada ya kiharusi, Pasteur alikaa kitandani wiki chache, na kabla ya miezi mitatu kuisha alikuwa safarini kuendelea na utafiti wa magonjwa ya viwavi wa hariri. Mkono wa kushoto ulibaki mkakamavu na alichechemea hadi kufa. Kazi nyingi za mikono aliwaachia wasaidizi kama vile Émile Roux, yeye akitumia kichwa.

Ndipo akaugeukia ugonjwa ule wa utotoni. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakikuonekana kwa darubini za enzi hizo. Kinapita kwenye neva polepole hadi kwenye ubongo, na kikishafika huko, mgonjwa hufa. Pasteur aliona kwamba huo mwendo wa kobe ni nafasi: chanjo inaweza kuwahi kwanza. Walichukua uti wa mgongo wa sungura waliougua, wakaukausha ili kupunguza makali.

Julai 6, 1885, mama mmoja kutoka Alsace alimleta mwanawe wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa siku mbili awali. Pasteur hakuwa daktari, hivyo daktari Grancher ndiye aliyemdunga. Mtoto angekufa, lawama zote zingemwangukia Pasteur, na usingizi ulimpaa. Baada ya sindano 13, Joseph alipona.

Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa 1888. Mwenyewe alifariki Septemba 28, 1895, miaka 27 baada ya usiku ule.

Ugonjwa huo bado upo hapa Kenya. Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbia hospitalini uchanjwe. Usingoje dalili.