Rumanika wa Karagwe na Nyumba Yake ya Hazina

Katika nchi ya Karagwe, magharibi ya Ziwa Viktoria, palikuwa na mfalme mmoja jina lake Rumanika. Makao yake yalikuwa Bweranyange, mahali ambapo sasa pako katika Mkoa wa Kagera. Alikuwa mtu wa ukoo wa Wahinda, ambao matawi yake yalitawala pia Uzinza, nchi ya wenzetu wengi watokao Geita na Sengerema. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, habari zake si habari za ugenini kwetu.

Baba yake aliitwa Ndagara, na mapokeo ya Karagwe yanamsifu kuwa mfalme mhunzi. Huko nyundo na fuawe vilihesabiwa kuwa alama za ufalme sawasawa na ngoma. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba Bweranyange walikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma katika eneo la ikulu yenyewe. Basi Rumanika alikulia mahali ambapo mlio wa nyundo haukuwa kitu cha kudharauliwa, tofauti na baadhi yetu leo tunaomcheka fundi chuma kwa sababu mikono yake ni myeusi.

Ndagara alipofariki, wana watatu waliwekewa ngoma ndogo. Inasimuliwa kuwa ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini kwa dawa ilizotiwa hakuna awezaye kuiinua isipokuwa mwenye haki ya kutawala. Rumanika akaiinua kwa kidole chake cha mwisho. Lakini ndugu yake Rogero hakukubali, akafanya vita. Ndipo Musa Mzuri, mfanya biashara Mhindi wa Tabora, akatoa pembe nyingi za ndovu kwa Suna, Kabaka wa Buganda, ili apeleke jeshi la kumfukuza Rogero. Hivyo Rumanika akaketi katika kiti chake kwa ngoma, na pia kwa pembe za ndovu.

Tarehe 25 Novemba 1861 walifika kwake Waingereza wawili, John Speke na James Grant. Walikuwa wamechoka sana. Katika Uzinza walikawia miezi mingi. Speke aliugua, mizigo ya Grant ikaporwa, na kila mtemi alidai hongo. Rumanika hakuwadai hongo. Aliwapokea kwa upole, akawakirimu, akazungumza nao juu ya milima na mito ya nchi za jirani. Mwezi wa Januari 1862 Speke akaendelea kwenda Buganda, bali Grant, ambaye mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya, akabaki Karagwe mpaka mwezi wa Aprili. Mgeni mgonjwa kutunzwa miezi mitatu si jambo dogo.

Katika zawadi alizopata Rumanika kwa Speke ilikuwamo bunduki ya namna mpya. Haikuwa ya kutia risasi moja, kupiga, kisha kuanza tena. Ilikuwa na silinda ya chuma yenye matundu, na silinda hiyo huzunguka kama ile ya bastola, kila tundu likija nyuma ya mtutu kwa zamu yake. Aliyezipatia sifa silaha za namna hiyo ni Samuel Colt wa Marekani, aliyepewa hati ya uvumbuzi huko mwaka 1836. Colt aliajiri mafundi wa nakshi, mmoja wao Gustave Young, mzaliwa wa Ujerumani. Fundi hushika tindo ndogo na kukata chuma kidogo kidogo, mpaka majani na mizabibu itambae juu ya silinda na mtutu. Mkono ukiteleza mara moja, kazi ya siku nyingi imeharibika. Bastola zilizopambwa kwa dhahabu Colt aliwapa watawala wakubwa, kama Tsar Nicholas wa Urusi mwaka 1854, na Sultani wa Uturuki. Hazikutolewa ili zipigwe. Zilitolewa ili zitazamwe.

Naye Rumanika alikuwa na macho ya kutazama. Mwaka 1876 alikuja Henry Stanley, akakaa karibu mwezi mzima, na mfalme akamwonyesha nyumba yake ya hazina. Mlikuwa na sanamu kumi na sita za bata wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe kumi wa shaba wasio na vichwa. Mlikuwa na miundu, visu vipana vilivyong'arishwa, na misinga yenye vipini vya chuma vya kupendeza. Zaidi ya yote mlikuwa na mikuki: mingine mipini yake ya chuma imefanywa kwa mfano wa mnyororo, mingine ina chuma kilichosokotwa kuzunguka ufito, mingine ina kichala cha pete ndogo chini ya bapa. Katikati ya vitu hivyo ile bunduki ya Speke ilipewa mahali pa heshima, na mzee aliionyesha kwa macho yenye furaha.

Wako watakaosema kuwa hiyo ni dalili ya kustaajabia vya Wazungu. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyeshangazwa tu na bunduki angeitundika peke yake. Yeye aliiweka pamoja na kazi za wahunzi wake, kama mwenzao, kwa kuwa alijua chuma chema akikiona. Tena nadhani mikuki ile ilishinda. Fundi wa Colt alikuwa na mashine za kiwanda kumtengenezea mtutu kabla hajaanza nakshi, lakini mhunzi wa nchi zetu alianza na mawe ya chuma, tanuri ya udongo, makaa na mivukuto. Ufundi huo ulikuwako pia Geita, nchi inayosifiwa sasa kwa dhahabu. Warongo waliyeyusha chuma huko, na majembe yao yakauzwa hata Usukuma, yakatumika kulipa mahari. Mabibi wa mabibi zetu waliolewa kwa majembe hayo.

Miaka michache baada ya Stanley kuondoka, Rumanika alifariki. Warithi wake waligombana, kisha yakaja magonjwa ya watu na ya ng'ombe, na nguvu za Karagwe zikapungua. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa katika Tanganyika. Hata hivyo vyuma kadhaa vya ufalme vilidumu Bweranyange hata karne ya ishirini, navyo vimepigwa picha na kuandikwa vitabuni. Jina la Gustave Young linajulikana. Majina ya wahunzi wa Bweranyange hayakuandikwa, ila ng'ombe wao wa chuma wangali wanaonekana katika picha hizo, pembe zao ndefu zimepindwa kwa nyundo.